Njia ya Kwenda Meyo

Wageni walikataa pombe. Hilo ndilo lililomuuma Constantin kuliko maneno yote yaliyosemwa siku ile. Mkewe, Maman Eulalie, alikuwa ameitengeneza ile kasiksi, pombe ya ndizi, kwa mikono yake, ndizi ameziivisha mwenyewe shimoni, akaikamua na kuichuja mpaka ikawa tamu ya kumsahaulisha padri misa. Sasa kibuyu kilikuwa katikati ya chumba, kimejaa mpaka shingoni, mirija iko kando, na wanaume waliotoka kijiji cha Miti wamekaa wameweka mikono magotini kama watu wanaongoja zamu dispensari.

"Tutakunywa," alisema Philémon, baba mdogo wa muoaji na msemaji wao. "Lakini kwanza tujue tunakunywa kwa nani."

"Munakunywa kwangu," alisema Constantin. "Mimi njo baba ya Adolphine. Nyumba ni yangu, kibuyu ni yangu."

"Wewe tunakuona, Papa. Tunauliza wale wa nyuma yako. Baba mukubwa ya huyu mutoto ni nani? Shangazi iko wapi? Na hii kiti muliacha bure hapa, ya nani?"

Kiti kilikuwa upande wa kulia wa Constantin. Ndiyo desturi: mzee wa ukoo wa baba hukalia pale, yeye ndiye anayetaja ng'ombe wa mahari, yeye ndiye anayepokea. Katika nyumba ya Constantin kiti kile hakikupata kukaliwa na mtu.

"Kwa baba niko peke yangu," alisema Constantin.

"Peke yako!" Philémon aliwageukia wenzake. "Mwanaume wa mvi kichwa nzima, iko peke yake sawa kuku ya soko!" Wakacheka. Kisha akalainisha sauti. "Papa Constantin, tusikasirikiane. Camille anamupenda binti yako, na sisi tunamupenda. Lakini ng'ombe ya kwetu haiendi kwa mutu mumoja, inaenda kwa ukoo. Kesho ndoa ikivunjika, na wewe umekwisha kufa, tutadai kwa nani? Tupande ndege twende kugonga mulango huko Chine?"

Safari hii hata wanawake waliokuwa dirishani walicheka; nani asiyejua kwamba baba yake Constantin alikuwa Mchina? Mtaani Cimpunda, hapo Bukavu, nyumba zimebanana, ukuta wa huyu ni ukuta wa yule, na mambo ya posa hayana siri.

Constantin alisimama. Alikuwa mtu asiyekaa; hata kanisani alisimama nyuma, karibu na mlango. "Kwetu kunajulikana," alisema. "Baba yangu alitoka Meyo." Alilitaja jina hilo kama wengine wanavyotaja Roma. "Na huyu mutoto wangu Évariste, kiwanda ya chai inamutuma Chine, mwezi ujao. Atafika Meyo. Atabaona batu yetu. Atarudi na majina yabo."

Évariste, aliyekuwa ameegemea mlango, aligeuka akamtazama baba yake. Alikuwa ametumwa kujifunza kutengeneza mashine za kukausha chai, basi. Hakuna mtu kiwandani aliyemwambia habari ya Meyo.

"Sawa," alisema Philémon akiinuka. "Akirudi, tutarudi. Mutuwekee pombe."

Walitoka wakipita kando ya kibuyu kwa uangalifu, kama mtu anavyopita kando ya mbwa aliyelala.

Uani, Adolphine alikuwa ameinamia jiko, anapuliza moto ambao haukuwa umezimika. Alikuwa mshonaji, mwanamke wa miaka ishirini na minane, na hii ilikuwa posa ya tatu. "Wa kwanza walikunywa, nyuma wakauliza," alimwambia kaka yake. "Wa pili wakauliza, nyuma wakakunywa. Hawa hawakukunywa hata kidogo. Wa ine watauliza wakiwa barabarani."

"Camille mwenyewe anasema nini?"

"Camille ni mwalimu. Anasema vile baba zake wanasema."

Ndani, mjomba wao alikuwa hajaondoka. Huyu ni Déogratias, kaka wa Maman Eulalie, mfanyabiashara wa mafuta ya mawese kutoka Mwenga, mtu mnene mwenye sauti ya sokoni. "Shemeji," alisema, "ile kiti mimi ningeikalia leo leo, tungekuwa tumemaliza."

"Ukiikalia, batoto yangu ni yako."

"Na sasa ni ya nani? Ulitoa nini juu ya dada yangu? Mbuzi? Kuku?"

Constantin alichukua nyundo yake akatoka, na muda si mrefu majirani walisikia bati likipigwa. Alikuwa fundi wa masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, na siku ile alipiga sanduku moja mpaka likawa halifai kwa mwanafunzi yeyote.

Jambo lenyewe lilijulikana Kamituga yote, kwenye machimbo ya dhahabu walikotoka. Baba yake Constantin, yule Mchina, na baba yake Eulalie, mzee Barthélemy, walichimba dhahabu pamoja miaka mingi katika shimo moja. Constantin alipofika umri wa kuoa, Barthélemy alimtoa binti yake bure, kwa ajili ya rafiki yake, ingawa kwa desturi watoto wa mke asiyetolewa mahari ni wa ukoo wa mama yao. Watu walisema ni urafiki wa ajabu. Constantin alisema hivyo pia, kwa mdomo. Moyoni aliona amepewa mke kama mtu anavyopewa nguo na misioni.

*

"Utauliza Meyo," Constantin alimwambia Évariste kila jioni mpaka siku ya safari. "Utasema: mimi ni mutoto ya mutoto ya yule alikwenda kuchimba Johannesburg, nyuma akapanda Katanga, nyuma Kamituga. Batakumbuka. Mutu hawezi kupotea vile, batu yake basikumbuke."

"Papa, Chine ni kubwa."

"Na Zaïre ni kidogo? Ukitafuta Kamituga hapa, hauoni?"

Jina Meyo lilikuwa kila kitu alichorithi Constantin. Mama yake alimfia mapema, akalelewa na mapadri, na likizo alipokwenda kwa baba yake alimkuta mzee mkimya, mwenye Kiswahili kifupi. Lakini aliwasikia wachimbaji wakimuuliza kwa mzaha: "Muzee, kwenu uko na nani? Nani anakungojea?" Naye alikuwa akipunga mkono kuelekea mbali, nyuma ya milima, na kusema: "Meyo." Mtoto akalihifadhi neno. Serikali ilipoamuru majina ya Kizungu yafutwe na kila raia achukue la mababu zake, wengine walikuna vichwa, wengine waliandika jina la mto. Constantin alikuwa wa kwanza kufika ofisini. Alirudi ameshika kitambulisho kipya mbele ya kifua kama mtu anayebeba ekaristi, na tangu siku ile nyumba nzima ikawa ya raia Meyo.

*

Huko Hangzhou, mji wa China walipofundishwa mashine, hakuna aliyejua Meyo. Mkalimani wao, Bwana Tang, mzee mwembamba aliyejifunza Kifaransa zamani kwa mapadri wa Shanghai, alisikiliza jina akakunja uso. Évariste alilitamka kwa lafudhi ya Bukavu, akilivuta mwishoni kama jina la mtakatifu, na masikio ya Tang hayakulitambua. "Vijiji ni vingi kama mchele," alisema. "Huenda kiko."

Évariste hakuweza kutulia. Mchana alifungua mashine na kuifunga, jioni alizunguka uani mwa nyumba ya wageni mpaka bawabu akawa anamfuata kwa macho. Jumapili ya kwanza alitoka peke yake kwenda kununua betri za redio. Watoto walimfuata, mmoja akalia, mwanamke mmoja akamgusa mkono aone kama rangi inatoka. Dukani alionyesha kwa vidole anachotaka. Msichana wa dukani, bila kuinua macho kutoka kwenye sweta aliyokuwa anaifuma, alisema:

"Meyo."

"Meyo!" alisema Évariste, akijipiga kifua. "Mimi Meyo!"

"Meyo, meyo!" alisema msichana, sasa kwa ukali, akampungia mkono aondoke.

Alitoka nje. Amenijua, alijiambia. Amelijua jina, ila amekataa undugu. Alikwenda mbio mpaka kituo cha treni, akapanga foleni iliyozunguka jengo, akafika dirishani akasema, "Meyo, tiketi." Mwanamke mwenye kofia alimtazama, akasema "Meyo!" na kufunga dirisha. Kwa hiyo treni ya Meyo ipo, ila imejaa! Njiani kurudi alilisikia tena: mzee anauliza kitu kwa muuza nyama, muuza nyama anajibu Meyo, mama anamwambia mtoto Meyo. Jina la baba yake lilikuwa katika kila kinywa.

Anaclet, mwenzake wa kiwanda kimoja, alimsikiliza mpaka mwisho akiwa kitandani na soksi mbili mbili kwa sababu ya baridi. "Ndugu yangu," alisema, "hii ukoo yenu iko mukubwa kupita kabila ya Bashi yote. Ukirudi, uombe ng'ombe kabisa."

Wakati wa chakula Évariste alimweleza Tang. Alikuwa anaongea haraka, anasahau kula. Tang aliweka vijiti vyake mezani.

"Dukani ulitaka nini?"

"Betri."

"Msichana akasema?"

"Meyo."

"Na betri ulipata?"

"Hapana."

"Kituoni ulitaka tiketi. Ulipata?"

"Hapana."

Tang alimwachia nafasi afike mwenyewe. Anaclet ndiye aliyefika wa kwanza; Évariste alimwona anainamia bakuli lake na mabega yanatikisika, halafu anaacha ghafula, kama mtu aliyecheka msibani.

"Ni neno la kila siku," alisema Tang kwa upole. "Maana yake ni: hakuna."

Évariste aliinuka, akaketi, akainuka tena. Alimwona baba yake ameshika kitambulisho mbele ya kifua. Aliona wachimbaji wakiuliza: nani anakungojea?

Ni Tang aliyetaka waende kutafuta kwao babu. Alisema wengi waliopelekwa kuchimba Johannesburg walitoka Shandong, kaskazini, na mama yake mwenyewe alikuwa wa huko. Kwa siku za mapumziko za mwisho wa mafunzo alimwombea kibali cha polisi. Walipanda treni ya viti vya mbao. Usiku na mchana nchi ilipita dirishani, mashamba hayana mwisho wala kilima cha kupumzishia macho, na Évariste, aliyezaliwa mahali ambapo hakuna hatua mbili za tambarare, aliona kizunguzungu. Watu walimpa mbegu za tikiti atafune. Alisimama mlangoni njia karibu yote. Alipoulizwa kwa nini hakai, Tang alijibu badala yake, na behewa zima likatikisa kichwa kwa huruma. Évariste hakutaka kujua alikuwa amewaambia nini.

Kijijini kwa kina mama yake Tang walikaribishwa na mama yake mdogo, bibi asiye na meno aliyevaa koti la pamba, macho makali. Alimkazia Évariste macho, akatafuta kitu usoni mwake, akagusa kope zake kwa kidole.

"Anauliza babu yako aliitwa nani," alisema Tang.

"Kamituga walimwita Lao."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Hata Tang alitabasamu. "Lao ni mzee tu. Kila mzee hapa ni Lao."

"Basi sijui jina lake," alisema Évariste, na kulisema kwake kulimpa aibu mbele ya watu asiowajua, aibu kubwa kuliko ile ya kibuyu.

"Anauliza, huko kwenu alikuwa na nani?"

Hapo Évariste alikuwa na la kusema. Alisema juu ya Barthélemy: walivyoshika taa moja wakishuka shimoni, udongo ulivyomfunika Barthélemy na Mchina akauchimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka, wakati msimamizi Mzungu amekwisha kuandika kwamba amekufa, na Mchina alipokufa, Barthélemy alivyomwosha mwenyewe, akakataa wengine wamguse, akalala matanga nje ya nyumba kama mtu aliyefiwa na ndugu wa tumbo moja. Alisema mengi. Aligundua kwamba habari zote alizokuwa nazo za babu yake zilikuwa habari za watu wawili.

Bibi alisikiliza akitema maganda ya mbegu. Alijibu kwa maneno mengi, na Tang akasita.

"Anasema nini?"

"Anasema waliokwenda na wasirudi walihesabiwa wamekufa, majina yao hakuna aliyeyaweka." Tang alikohoa. "Tena anauliza kama unaweza kumpeleka mjukuu wake kufanya kazi Afrika. Ni kijana mwenye nguvu."

Walimwonyesha makaburi, vichuguu vya udongo katikati ya ngano changa. Évariste alizunguka huku na huku. Akachagua kimoja kisicho na jiwe, akasimama pale, akavua kofia. Halafu akaona anajidanganya, akaivaa kofia yake akaondoka.

*

Alifika Bukavu jioni ya Jumamosi, na wageni wa Miti walikuwa wameitwa Jumapili. Constantin alikuwa amepaka nyumba chokaa na kuazima viti kwa majirani. "Usiniambie kitu!" Constantin alipiga kelele pindi Évariste alipoweka mzigo chini. "Kesho, mbele yabo. Nataka kusikia pamoja nabo." Alikwenda, akarudi, akasogeza kiti, akakirudisha. Mara mbili Évariste alifungua mdomo, na mara mbili baba yake alikuwa amekwisha kutoka.

Alimkuta mama yake jikoni anachambua maharagwe.

"Maman, kuna neno. Meyo si mahali."

"Najua," alisema Maman Eulalie. Hakuacha kuchambua. "Ni hakuna."

Évariste aliketi juu ya kinu kilicholala.

"Kwetu tulikuwa na ile neno," alisema mama yake. "Baba yangu alijifunza kwa rafiki yake. Akirudi bila nyama, anasema leo meyo. Chumvi ikiisha, meyo. Sisi batoto tulikuwa tunachezea nayo."

"Na ulimuacha aende kuiandika ofisini?"

"Ulimuona vile alirudi siku ile? Ulimuona?" Alitupa jiwe dogo nje ya mlango. "Mutu alilala miaka yote bila jina. Nani angeamka kumunyanganya?"

"Kesho nitasema nini?"

"Mimi sikukwenda Chine," alisema Maman Eulalie, kisha akafuta macho kwa mgongo wa mkono na kulaumu moshi.

*

Philémon alikuja na watu wengi zaidi kuliko mara ya kwanza. Habari ya Mchina ilikuwa imewavuta hata wasiohusika. Camille alikaa nyuma yao katika suti ya abacost, ile isiyo na tai, iliyombana shingo. Kibuyu kilikuwa kipya. Kiti kilikuwa palepale. Déogratias alikaa ukutani kama mjomba anavyokaa, na Adolphine alisimama nyuma ya pazia la mlango wa uani, miguu yake inaonekana chini.

"Simama, Évariste," alisema Constantin. Mwenyewe hakuwa amekaa. "Waambie. Ulipouliza Meyo, walikujibu nini?"

Évariste alitazama chini. "Kila mahali niliuliza Meyo," alisema, "walinijibu: Meyo."

Haukuwa uongo hata kidogo. Minong'ono ya kupendezwa ilizunguka chumba. Constantin alipiga makofi mara moja, akageuka kwa Philémon na uso uliong'aa kama bati jipya. "Ulisikia? Kila mahali!"

"Nilisikia," alisema Philémon. "Hongera, Papa. Ukoo iko kweli, na mimi niliwacheka, munisamehe. Sasa mambo ni rahisi. Mumuite mumoja wabo. Mumoja tu, akuje akalie hii kiti, apokee ng'ombe. Sisi tutangoja. Hata mwaka mbili, tutangoja."

Miguu chini ya pazia ilisogea. Évariste alisikia jinsi uongo wake usio uongo ulivyojifunga shingoni mwa dada yake. Miaka miwili. Kisha miwili mingine.

"Hapana mutu atakuja," alisema.

"Juu ya nini?" Constantin aliuliza, bado anatabasamu.

"Papa, Meyo si mahali. Ni neno yabo. Ni hakuna. Ukiomba betri na hawana, banasema meyo. Batu walimuuliza babu kwabo iko na nani, akawajibu: hakuna."

Mtu mmoja dirishani alianza kicheko, akapigwa kiwiko na jirani yake. Constantin alibaki amesimama, mkono mmoja juu ya kiti.

"Nilijiandikisha Hakuna," alisema polepole. "Karani aliniuliza inaandikwa namna gani. Nikamusaidia kuandika." Macho yake yalizunguka chumba, yakafika kwa mke wake, yakasimama. "Eulalie. Wewe haushtuki."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Mbele ya kukujua wewe." Maman Eulalie alikuja mpaka katikati ya chumba, jambo ambalo mwanamke hafanyi siku kama ile. "Siku walipatana juu yetu, nilikuwa nyuma ya nyumba, nasikia. Baba yangu alimuuliza baba yako: rafiki, juu ya Eulalie unaleta nini? Akasema: meyo. Baba yangu akacheka mpaka akakaa chini. Akamuambia: na mimi juu ya maisha yangu sikukulipa. Tumetoshana. Wakakunywa. Njo ivyo niliolewa, na sijaona haya hata siku moja."

Philémon alijikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ng'ombe. "Maman, maneno yako ni tamu. Lakini hapana ng'ombe, hapana mbuzi, hapana kitu?"

"Hapana."

"Basi batoto ni ya mujomba," alisema, kama mtu anayesoma mizani.

Déogratias, aliyekuwa amelitamani jambo hilo miaka yote, sasa aliangalia viatu vyake. "Tutaongea inje kwanza, shemeji," alisema.

"Kuongea nini? Ikalie."

"Constantin..."

"Ikalie, nasema! Binti aolewe."

Déogratias aliinuka, akapita katikati ya watu akiwa ameufinya mwili wake mkubwa, akakaa. Kiti kililia. Philémon alimuuliza wanakunywa kwa nani. Akajibu: "Kwa Barthélemy." Mirija ikatoka. Walitaja ng'ombe, wakabishana, wakaelewana. Mrija ulipozunguka ulianzia kwa Philémon, ukaenda kwa Déogratias, ukaenda kwa wazee. Constantin aliupata baada ya watu wote, katika nyumba aliyoipaka chokaa mwenyewe, kama mkwe ambaye hajamaliza mambo yake. Alikunywa. Nyuma ya pazia hakuna aliyepiga vigelegele. Adolphine alikuwa anaolewa, na alikuwa analia, na asingeweza kueleza kwa nani.

*

Wiki mbili baada ya harusi, Constantin aliuza masanduku yote yaliyokuwa dukani, hata lile bovu, akashuka soko la Kadutu asubuhi akarudi na mbuzi. Mbuzi dume, mweusi, mkaidi.

"Ya nini?" aliuliza Maman Eulalie.

"Ya Déogratias."

Alielewa mara moja, na alikasirika kuliko Évariste alivyowahi kumwona. "Unamurudishia nini baba yangu? Alisema wametoshana! Unataka kunilipa sasa, na haya maisha ya nyumba tumefanya pamoja miaka yote, kama deni ya duka?"

"Yeye na baba yangu walitoshana," alisema Constantin, akifunga kamba. "Mimi sijatoshana na mutu. Évariste, sukuma kwa nyuma."

"Na ukimaliza huyu mbuzi?"

"Nitaleta mwingine. Nyuma yake ng'ombe, Mungu akipenda."

Maman Eulalie aliingia ndani akapiga mlango. Wakaondoka. Njia ya Cimpunda inapanda, mvua ilikuwa imeichimba, na mbuzi alikataa kila kona. Watu walitoka milangoni. Wanawake waliacha ndoo bombani.

"Muzee Constantin!" aliita kinyozi kutoka kibandani kwake. "Hii mbuzi ni ya posa? Nani anaoa?"

"Mimi."

"Wewe! Na mvi ile yote! Unaoa nani?"

Constantin alisimama avute pumzi. Nyuma yao mlango ulifunguliwa, na Maman Eulalie alitoka amevaa kikwembe chake cha misa, amefunga kitambaa kichwani, anatembea haraka, uso bado umevimba kwa hasira.

"Ule kule," alisema Constantin, akaivuta kamba.